Kilindo Kisichopita Mlangoni

Katika hotuba ya kuniaga, mkurugenzi wetu alisema nilikuwa nguzo ya shirika. Nilipiga makofi pamoja na wengine kwa sababu ya adabu, lakini mtu aliyefanya kazi Singida anazijua habari za nguzo. Mwaka wa kwanza inasifiwa, baadaye mchwa wanaingia bila hodi, na siku moja mgeni anaiegemea na kwenda nayo chini. Kwa hiyo ninyi vijana mnaobaki, mambo ya nguzo achaneni nayo. Mmeniomba niwaandikie tulivyofanya kazi ya kwenda kwa wananchi, na mimi naandika. Vyeo sitavitaja, mishahara sitaitaja, kwa sababu vyote viwili vilikuwa vifupi.

Nilianza kazi miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa binti kutoka Kinampanda, nimetoka kwenye kozi ya maendeleo ya jamii, nina sketi moja nzuri na imani kubwa kupita kiasi. Shirika letu lilikuwa dogo. Halikutafuta faida, na hata lingeitafuta lisingeiona. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wa hali ya chini wapate nyumba za kudumu. Mwananchi anafyatua matofali, anachota maji na kubeba mchanga, na shirika linaleta bati, saruji, mbao na fundi. Mimi nilitangulia mbele ya hayo yote ili kumshawishi mwananchi kwamba nyumba hiyo anaitaka. Ofisini niliitwa msimamizi wa uhamasishaji. Vijijini waliniita Bibi Bati.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Tabitha, mama mnene aliyewahi kuwa mwalimu, ambaye alitembea na mwavuli kiangazi na masika na kuutumia zaidi kunyooshea watu kidole. Alinichukua kwenye Landrova hadi mkutano wa hadhara upande wa Iguguno. Nikapewa nafasi niseme. Nilizungumzia hewa safi, nikazungumzia madirisha, nikaeleza jinsi moshi unavyoingia mapafuni, na nadhani niliwataja hata wadudu kwa majina yao. Watu wakapiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Wakati wa kurudi nilikuwa nimekaa wima kama bibi harusi.

"Umefurahi?" Bi Tabitha akaniuliza.

"Sana, Bi Tabitha. Umeona walivyopiga makofi?"

"Nimeona. Pale hatajenga mtu hata banda la kuku."

"Kwa nini?"

"Mtu anayetaka kujenga ana maswali. Atakuuliza bati likipigwa na mvua ya mawe inakuwaje. Atakuuliza nani kakutuma. Atakutukana kidogo. Anayepiga makofi anataka umalize aende kwake."

Nilimwona kuwa ni mama mzee mwenye wivu tu. Miezi ikapita, na upande ule wa Iguguno halikuonekana tofali hata moja. Baada ya hapo nikaanza kumsikiliza.

Ninyi mna mashine za kumulika picha ukutani. Sisi tulikuwa na kipaza sauti cha betri, chenye tabia ya kunyamaza mahali patamu pa hotuba na kufufuka ninapomwomba dereva maji ya kunywa, kijiji kizima kikasikia. Tulikuwa pia na nyumba ya kadibodi, imepakwa rangi, ina paa la kufunua ili wananchi waone vyumba. Watu waliipenda sana. Walifunua paa, wakachungulia, wakaulizana kama shirika linawajengea sungura. Siku moja pale Ihanja tuliiweka juu ya kigoda tukaenda kusalimia wazee, na tuliporudi tukakuta mbuzi amekula baraza lote na anaanza sebule. Tuliendelea kuitumia hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hakuna mwananchi aliyeomba baraza.

Bi Tabitha alinifundisha kwamba mkutano ni wa kuwasalimia wakubwa, na kazi yenyewe inafanyika jikoni. Ukiingia kwa mtu, kaa pale ulipowekwa hata kama ni juu ya jiwe la kusagia. Ukipewa uji, unywe wote. Usifungue daftari. Usiulize swali ulilokuja nalo mpaka mwenyeji achoke kungoja uliulize. Mimi nilikuwa na haraka, nikayakiuka hayo yote mara nyingi, na mara nyingi nikarudi mikono mitupu.

Kesi ngumu zilikuwepo tangu mwanzo. Kulikuwa na mzee mmoja Mnyiramba mwenzangu, nitamwita Mzee Msengi, ambaye alijengewa nyumba nzuri kabisa, madirisha mawili mbele, sakafu ya saruji. Nilipokwenda kumtembelea baada ya muda, nilipokelewa dirishani na beberu. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi nje ya nyumba yake ya zamani, anachonga mpini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bibi Bati. Karibu."

"Mzee, mbona ndani mna mbuzi?"

"Si mlisema nyumba ile ni ya afya? Mbuzi wangu walikuwa wanakohoa."

"Na sasa?"

"Wamepona. Mungu awabariki sana."

Nilirudi ofisini nikaandika kwenye ripoti kwamba nyumba inakaliwa.

Lakini kesi ninayotaka kuwasimulia hasa ni ya Mama Ntandu. Kwa mliozaliwa mjini nianze na tembe. Tembe ni nyumba ya miti na udongo, fupi, paa lake ni bapa na limejazwa udongo juu. Ndani kuna giza na joto, na ng'ombe wanalala karibu kiasi kwamba unasikia wanavyocheua. Juu ya paa unaanika mtama. Mkutanoni tuliitukana tembe kwa sauti ya betri miaka na miaka, na wote tuliokuwa tunaitukana tulizaliwa ndani yake.

Wakati huo serikali ilikuwa inawaleta watu pamoja kando ya barabara, na shirika letu likapewa kijiji kimoja mbele ya Ihanja, lijenge mstari wa nyumba kwa kuanzia. Mkuu wetu wa kituo, Bwana Mapunda, alitoka Songea. Alikuwa mtu mwema sana mwenye ugonjwa mmoja, kupenda vitu vilivyonyooka. Alivuta kamba kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho, akasimama upande mmoja, akafumba jicho, akatabasamu. Nyumba zikajengwa. Ukisimama barabarani ulikuwa huoni ila ya kwanza, nyingine zote zimejificha nyuma yake. Mgeni yeyote aliyepita alisimamisha gari azipige picha.

Zikakamilika, na hakuna aliyehamia.

Tuliitisha mkutano. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Ndugu Kijanga, mtu mfupi mwenye sauti kubwa na filimbi shingoni, aliyependa mikutano kama watu wengine wanavyopenda nyama. Alipuliza filimbi, watu wakaja.

"Mmeelewa umuhimu wa nyumba bora?"

"Tumeelewa!"

"Mtahama?"

"Tutahama!"

"Lini?"

Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema, kwa upole kabisa, "Tukishahama mtajua, mwenyekiti."

Wakapiga makofi. Nilimtazama Bi Tabitha, yeye akatazama mwavuli wake.

Tuliendelea hivyo mpaka Kijanga alipochoka. Siku moja akatangaza kwamba mgeni rasmi anakuja kutoka mkoani kuzindua nyumba. Nyumba itakayokutwa haina mtu siku hiyo watapewa watu wa kijiji cha pili, ambao wameshaomba. Na tembe za zamani zitabomolewa hata hivyo, kwa sababu amri ya kuhama haimngoji mtu. Kwa wengi yalikuwa maneno tu, kwa kuwa walikuwa na ndugu wa kukimbilia na ng'ombe wa kuanzia upya. Kwa Mama Ntandu hayakuwa maneno.

Mama Ntandu alikuwa mjane. Mwanawe Ntandu alikwenda kufanya kazi ya mkonge akapotelea huko, akamwachia mama wajukuu. Tembe yake ilikuwa ya mwisho kabisa, upande mmoja umeshaanguka kwenye mvua zilizopita, na mvua nyingine zilikuwa zinakaribia. Matofali ya nyumba yake mpya aliyafyatua mwenyewe na wajukuu zake, na fundi alisema hajaona matofali mazuri kama yale. Ile nyumba ya kwanza kwenye mstari, ile inayoonekana barabarani, ilikuwa ya kwake. Angeikosa, angebaki na mahali pamoja pa kwenda, kwa shemeji yake, ambaye alikuwa ameshamwambia kwamba pembe ya jiko ipo. Nilimwona huyo shemeji. Alikuwa mtu wa kumhesabia mgeni vipande vya nyama. Mama Ntandu aliyekuwa anampikia uji kila anayepita njia angekuwa anaomba chumvi kwa mtu yule mpaka kufa kwake.

Na bado hakuhama. Lilinikera, nasema kweli. Nikaenda kwake mwenyewe, bila daftari, bila kipaza sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani, jua kali."

Akanipa uji wa mtama, nikaketi chini nikaegemea. Tukaongea habari za mvua, za shule, za ng'ombe wa jirani walioingia shambani. Uji ukaisha, uvumilivu wangu nao ukaisha.

"Mama, kwa nini huhami? Matofali umefyatua wewe."

"Nitahama, mwanangu."

"Hiyo nitahama mwambie Ndugu Kijanga. Mimi niambie ukweli."

Akacheka, akachukua bakuli langu. Nikataka kuinuka, na katika kuinuka nikashika kile nilichokuwa nimekiegemea. Kilikuwa kilindo chake.

Kilindo nacho niwaeleze, maana siku hizi tunaweka nafaka kwenye viroba na kuvipanga chini ya kitanda. Ni ghala la gamba la mti. Gamba linabanduliwa zima, linakunjwa kuwa duara na kushonwa kwa kamba, linawekwa kitako na kifuniko. Cha Mama Ntandu kilinipita kimo, na watu wawili wakikikumbatia mikono isingekutana. Nilikitazama. Nikatazama mlango wa tembe, nikakumbuka milango ya Bwana Mapunda, ile myembamba iliyonyooka vizuri.

"Mama," nikasema, "hiki kitapita wapi?"

Aliniangalia kama mtu aliyemngoja mtoto mzito amalize kufunga kamba ya kiatu.

"Hilo swali nalingoja tangu mnachimba msingi."

"Sasa kwenye tembe kiliingiaje?"

"Kinatangulia kilindo, ukuta wa mbele unakuja baadaye. Kwenu mnafanyaje?"

Kwetu tulifanya hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipotaka kulia na kucheka kwa pamoja. Ukimtoa Bwana Mapunda, ofisi nzima, Bi Tabitha, fundi, dereva na mimi, tulikulia kando ya kilindo. Tuliushika ule mchoro wa nyumba mikononi, tukausifia madirisha, tukaugonga muhuri. Tulikuwa tumesoma.

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Niseme nini? Nisimame mbele ya Kijanga na watu wote, nitangaze kwamba kilindo changu ni kipana? Si wataanza kukisia mna nini ndani? Wewe mama yako alitangaza?"

"Hapana."

"Haya."

Na hiyo ndiyo desturi yenyewe, na ndiyo iliyotushinda muda wote ule. Akiba ya nafaka haitajwi mbele za watu. Mwenye nyingi atapata wakopaji na macho mabaya. Mwenye kidogo ataonewa huruma, na wengi wangechagua macho mabaya. Kifuniko cha kilindo hakifunuliwi mgeni akiwepo. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na tatizo moja, na tuliwaita wote mahali pamoja walieleze kwa sauti, kitu pekee ambacho hakuna hata mmoja wao angeweza kukifanya.

"Basi tuutoe mtama," nikasema, "tuuhamishe kwa magunia, tukakate kilindo kipya kidogo."

"Tuutoe tuumwage wapi? Uani, watu wakiangalia?"

Akaendelea, sauti yake imeshuka. "Mimi nyumba ile naitaka, mwanangu. Kila siku nakwenda naigusa ukuta. Lakini bila kilindo siingii. Mwanamke asiye na kilindo ndani ni mgeni kwenye nyumba yake."

Sikudhani hata kidogo kwamba alikuwa na sababu nyingine. Kijiji kizima kilijua kwamba Mama Ntandu ana mtama. Mtu anayegawa uji vile angekosaje?

Nikamwendea Bwana Mapunda. Nilimkuta anapaka rangi mawe ya kupanga njiani kwa ajili ya mgeni rasmi.

"Tunahitaji kuvunja ukuta," nikamwambia.

"Vunjeni. Si ndiyo amri? Tembe zote."

"Wa nyumba mpya."

Akaweka brashi chini. "Nyumba ambayo haijazinduliwa."

"Ndiyo."

"Ya kwanza kwenye mstari. Ile inayoonekana barabarani."

"Hiyo hiyo."

"Ukuta ambao wafadhili wamepigwa nao picha!"

Nilimweleza habari ya kilindo, akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwao Songea hawana matatizo kama hayo. Bi Tabitha, aliyekuwa amekaa kivulini mwa gari muda wote huo, akanyoosha mwavuli kuelekea mstari wa nyumba. "Bwana Mapunda, mgeni rasmi umpe nini? Nyumba yenye tundu na mtu ndani, au nyumba nzima na popo?"

Akafumba jicho moja akautazama mstari wake, na kusema kweli nilimhurumia. "Moja tu kwanza," akasema. "Na tundu liwe limenyooka."

Fundi alinung'unika kwamba hajawahi kulipwa kwa kubomoa alichojenga, lakini alitoa dirisha la ubavuni akashusha tundu mpaka chini, pana kiasi cha kupita ng'ombe na pembe zake. Nikarudi kwa Mama Ntandu kumpa habari. Alishika mikono yangu yote miwili. Akaniomba jambo moja tu, kwamba tubebe asubuhi mapema, watu wakiwa bado makwao, na wabebaji wawe wachache. Nikamwahidi. Nilidhani anaogopa wakopaji.

Tulipanga asubuhi ile ile ya uzinduzi, kwa sababu mgeni rasmi alitarajiwa mchana. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kuona mgeni rasmi anayefika mapema. Namfahamu mmoja tu, na alikuwa yule.

Ukuta wa mbele wa tembe ulikuwa umeshaangushwa. Wanaume niliowaomba walikuwa wamepitisha miti chini ya kilindo na kukizungushia kamba, na Mama Ntandu amekiziba kifuniko kwa samadi kama inavyofanywa siku ya kuhama. Mara tukasikia gari, tukasikia filimbi, kisha wimbo wa watoto wa shule. Nilipogeuka nikaona Kijanga anakuja na kijiji kizima nyuma yake, na katikati yao mgeni rasmi ndani ya suti ya kaunda, anapunga mkono kwa ng'ombe na watu bila kubagua.

"Ndugu mgeni rasmi," Kijanga akapaza sauti, "umefika wakati mwananchi anahama!"

Nilimtazama Mama Ntandu. Alikuwa amesimama kando ya kilindo, kiganja kimoja kimelala juu ya gamba lake. Nikamsogelea nimwambie tuache, tungoje, nikaona kwamba haiwezekani tena, maana watu wameshatuzunguka pande zote.

Mgeni rasmi akauliza lile tundu aliloliona kwenye nyumba ya kwanza ni la nini. Bwana Mapunda, ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo hata wa adabu, akajibu palepale, "Ule ni mlango wa mavuno, ndugu mgeni rasmi. Ni mpango wetu mpya."

"Safi sana," mgeni rasmi akasema. "Endeleeni."

Kijanga hakutaka aonekane amesimama bure mbele ya mkubwa. Akamsukuma kijana mmoja pembeni, akashika mti wa mbele yeye mwenyewe, akasogeza filimbi yake mgongoni. Mimi nikashika nyuma. Wote tukatanua miguu, tukavuta pumzi, kwa sababu kilindo cha ukubwa ule kikiwa na mtama kinavunja mtu mgongo.

"Moja, mbili, haya!"

Kikapaa. Kilipanda juu kwa wepesi mpaka mtu wa nyuma yangu nusura akae chini. Ndani tulisikia kitu kimeteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine, mchirizi mdogo wa punje juu ya gamba. Hazikufika hata debe.

Kila aliyekuwa karibu alisikia. Wanawake walisikia, wazee walisikia. Wimbo wa watoto ukakatika. Tulisimama na kile kilindo begani, watu wazima tuliojiandaa kama tunabeba mlima, na hatukujua tuangalie wapi. Mama Ntandu alikuwa ameinamisha kichwa, amevuta kanga mpaka machoni. Shemeji yake alikuwa mstari wa mbele kabisa, na nikaona mdomo wake unaanza kufunguka. Niliona aibu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, na haikuwa hata aibu yangu. Mama yule alikuwa amekaa miezi yote hiyo na magamba matupu, anatupikia uji, na mimi nimemleta mbele ya mkoa mzima.

Ndipo magoti ya Kijanga yakakunjika.

Nilidhani anaanguka. Akayumba upande wa kushoto, mishipa ikamsimama shingoni, akatoa mguno ambao ulisikika nadhani mpaka Ihanja. "Tobaa! Jamani! Huyu mama kajaza mawe humu?"

Nilichelewa kumwelewa. Mwanaume wa upande wa pili aliwahi. Naye akapinda mgongo, akauma meno, "Mwenyekiti, shika vizuri, utatuua!" Wa tatu akaanza kuhema. Kijana aliyesukumwa pembeni akakimbia kurudi kusaidia, na wengine wawili nyuma yake, wakashika kamba, wakashika mahali pasipo na kamba, kila mtu anaguna kwa sauti yake. Mimi nikakaza shingo nikasukuma hewa kwa nguvu zangu zote. Bi Tabitha alitupa mwavuli chini akaja kusukuma pia. Tukaenda hivyo kuelekea nyumba ya kwanza, tunasogea kama konokono, tunatua tupumzike, tunafutana jasho, tunanyanyua tena kwa kelele. Watoto wakaanza kutuimbia. Nilimwona mzee yule wa nyuma mkutanoni, mwenye fimbo, anatikisa kichwa na kumwambia jirani yake kwa sauti kwamba huo si mtama wa mwaka mmoja. Na shemeji akabaki na mdomo wazi, hakuna neno lililotoka, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kinamtazama yeye.

Mgeni rasmi peke yake ndiye ambaye hakujua. Alikuwa anapiga makofi. Alimwambia katibu wake aandike kwamba wakulima wa huku wanafanya kazi, na kwamba mlango wa mavuno upelekwe wilaya nyingine.

Tulipofika kwenye tundu tukageuza ubavu ili kipite. Mama Ntandu alikuwa ametufuata nyuma, hatua kwa hatua. Nikasikia mtu ananisukuma begani ili apite. Ni yeye. Ameshusha kanga kutoka machoni, ameifunga kiunoni, na machozi yanamtiririka waziwazi, lakini sauti yake ilikuwa kali, sauti ya mwenye nyumba.

"Polepole, nyie wanaume! Taratibu hapo kwenye ukuta! Mnataka kunimwagia mtama wangu?"

Kijanga akainua uso, jasho linamdondoka, na safari hiyo lilikuwa jasho la kweli.

"Utusamehe, mama," akasema. "Ni mzito."